Sura ya Tano: Pointi Sita

Leseni ya udereva ya Uingereza mara nyingi hainyang'anywi barabarani. Hakuna trafiki anayeichukua mkononi mwa dereva akaitia mfukoni. Huondoka kwa barua. Barua hiyo hutoka Swansea, mji wa pwani ya kusini mwa Wales, yaliko makao ya DVLA, idara inayotunza kumbukumbu za madereva na magari. Ujumbe wake ni mfupi: umefikisha pointi sita kabla ya kutimiza miaka miwili tangu ufaulu mtihani wako wa kwanza, kwa hiyo leseni yako imefutwa. Hakuna kikao cha kujieleza. Kama una watoto wa kupeleka shule, au wazee wanaokusubiri uwaamshe na kuwapa dawa, hakuna wa kumwambia. Sheria haikumpa mtu yeyote ruhusa ya kupima hali yako, hata mtumishi aliyeituma barua hiyo.

Sheria hiyo ni ya mwaka 1995 na ilianza kutumika tarehe 1 Juni 1997. Kwa dereva wa siku nyingi, mstari wa hatari ni pointi 12 ndani ya miaka mitatu, na akiufikia huitwa mahakamani, ambako anaweza kuomba ahurumiwe kwa sababu ya dhiki isiyo ya kawaida itakayompata yeye au wanaomtegemea. Dereva mpya amewekewa nusu yake, na mlango wa huruma haupo. Kosa la chini kabisa la mwendo kasi hubeba pointi tatu. Makosa mawili, basi.

Wasomaji wengi watafikiri hapa tunazungumzia vijana wa miaka 18 waliopewa gari la baba. Wapo, na kwa ajili yao hasa sheria ilitungwa. Lakini Waswahili wanaoishi Leicester, Reading, Coventry au mashariki mwa London wanajua kwamba sheria hii ina mtu mwingine inayemkamata, ambaye watunga sheria sidhani kama walimfikiria sana. Ni dereva mwenye uzoefu wa miaka 20 kutoka Dar es Salaam au Mombasa. Ameendesha daladala au lori la mizigo, amevuka Kitonga usiku wa mvua, amefika Tunduma na kurudi. Akihamia Uingereza anaruhusiwa kuendesha kwa leseni yake ya nyumbani kwa miezi 12. Baada ya hapo leseni hiyo haimsaidii tena. Zimbabwe na Afrika Kusini zimo katika orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani. Tanzania na Kenya hazimo. Itambidi aombe leseni ya lena, abandike vibao vya L, afanye mtihani wa nadharia kwenye kompyuta, kisha ule wa barabarani na mtahini pembeni. Siku anayofaulu, saa ya miaka miwili inaanza kuhesabu. Ile miaka 20 haihesabiki popote. Kwa macho ya DVLA yeye na kijana wa miaka 18 wamezaliwa siku moja.

Wengi huliona hilo kuwa dharau. Nawaelewa, lakini baada ya kulitazama jambo hili kwa muda mrefu nimefika mahali pa kuamini kwamba huyu mzoefu, kwa upande mmoja, yuko hatarini zaidi kuliko kijana. Mikono yake inajua gari. Lakini inachokijua ni barabara nyingine yenye ishara nyingine. Barabara kuu za kwetu hukufundisha kupunguza mwendo unapoona matuta, unapoona kibao cha 50 mwanzo wa kijiji, au dereva wa mbele anapokuwashia taa kukujulisha kwamba trafiki wako kwenye kona na tochi ya kupima mwendo. Mwendo unakuwa kitu unachokipanga kwa kumwangalia anayekuangalia. Na ukipigwa tochi, unaandikiwa faini, unalipa, imekwisha. Kesho yake hakuna kinachokufuata.

Uingereza ishara yenyewe hujificha mahali ambapo mgeni haangalii. Kwa kawaida, barabara yenye nguzo za taa zisizoachana zaidi ya yadi 200, yaani karibu meta 183, ni ya maili 30 kwa saa, kama kilomita 48, isipokuwa kibao kiseme vingine. Zile taa ndizo kibao. Unaweza kutembea mtaa mzima usione namba 30 imeandikwa popote, na kisheria umeshaambiwa. Wales wamekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 17 Septemba 2023 barabara za namna hiyo zimeshushwa hadi maili 20, ambayo ni kilomita 32, na sehemu nyingi za London nazo ni 20. Kwa mtu aliyezoea kwamba kilomita 50 ndiyo pole pole ya mjini, 32 ni mwendo wa kumfanya ajione anasukuma toroli. Mguu wa kulia unakanyaga wenyewe.

Tazama sasa namna pointi zinavyopatikana. Ukizidisha mwendo kidogo, polisi wanaweza kukupa nafasi ya kuhudhuria darasa la saa chache la kukuelimisha kuhusu mwendo, unalolilipia mwenyewe, na hupati pointi. Nafasi hiyo haitolewi tena ikiwa umelihudhuria kwa kosa lililotokea ndani ya miaka mitatu iliyopita. Ukikosa darasa, kuna faini ya papo kwa papo ya pauni 100 na pointi tatu. Mwendo ukiwa mkubwa, shauri linakwenda mahakamani, na huko England na Wales mizani ni hii: kwenye barabara ya maili 30, kati ya 41 na 50 ni pointi nne hadi sita au kufungiwa kwa siku chache; kuanzia 51 ni pointi sita au kufungiwa hadi siku 56, pamoja na faini inayopimwa kwa mshahara wa wiki. Maana yake dereva mpya aliyefika maili 51 mahali pa 30 anaweza kumaliza hesabu yake yote kwa kosa moja la sekunde chache. Kushika simu mkononi unapoendesha nako kumekuwa pointi sita tangu Machi 2017. Kuendesha bila bima, sita pia. Na kama ulipata pointi ukiwa bado lena, usidhani kufaulu kumezisafisha. Kosa jipya likija baada ya mtihani, zile za zamani ambazo bado zina nguvu hujumlishwa nalo.

Lakini hao wa kosa moja kubwa sio wanaonishughulisha. Wanaonishughulisha ni wa makosa mawili madogo, kwa sababu wengi wao hawakujua kwamba wana la kwanza walipofanya la pili.

Tuseme dada anayehudumia wazee majumbani, kazi inayowaajiri wengi waliotoka kwetu. Anatoka kwake saa kumi na moja na nusu alfajiri. Barabara ni tupu, mteja wa kwanza anatakiwa kuamshwa saa kumi na mbili, na ratiba aliyopewa na mwajiri haina dakika ya safari kati ya nyumba na nyumba. Njia yake ina kamera moja. Jumatatu anaipita kwa maili 37 mahali pa 30. Hakuna mlio, hakuna king'ora, hakuna mtu aliyemsimamisha, na ingawa kulikuwa na giza pengine hata mwanga hakuuona, kwa kuwa kamera za siku hizi si zote zinazomulika. Jumatano anapita tena kwa 37. Jumatatu inayofuata tena. Polisi wana siku 14 za kumfikishia mmiliki aliyesajiliwa taarifa ya kwanza, kwa hiyo mpaka hapo hawajachelewa. Kama gari ni la kampuni, barua inaanzia ofisini, inakaa, inajibiwa na karani, ndipo nyingine inamfuata dereva. Siku anayofungua bahasha ya kwanza, ya pili na ya tatu ziko njiani. La kwanza huenda akalilipia kwa darasa. La pili ni pointi tatu, la tatu ni pointi tatu. Leseni imekwenda. Ukimwuliza ni mara ngapi ameonywa, jibu la haki ni kwamba hakuonywa hata mara moja. Barua zote zilikuwa za jambo lililokwisha kutokea.

Hapa ndipo ninapoona sheria inayumba. Imetungwa kana kwamba anayerudia kosa ni mkaidi, mtu aliyeambiwa akakataa. Kamera haimwambii mtu kitu kwa wakati wake. Inarekodi mazoea, kisha inayapeleka kwa posta. Trafiki mwenye tochi, pamoja na kasoro zote tunazozijua na tunazozizungumza, ana jambo moja ambalo kamera haina: anakusimamisha leo, na kwa hofu tu ya kusimamishwa kesho utapunguza mwendo. Ningependa serikali ya Uingereza itafute namna ya kumfikia dereva mpya haraka zaidi, hata kwa ujumbe wa simu siku ile ile. Wanajua namba za magari ndani ya sekunde. Barua ya wiki mbili ni uzembe wa utaratibu, na gharama yake anailipa yule ambaye angebadilika kwa taarifa moja tu.

Kamera yenyewe ilianza kwa mtu aliyetaka kwenda kasi. Maurits Gatsonides, Mholanzi aliyeshinda mashindano ya magari ya Monte Carlo mwaka 1953, alibuni kifaa cha kupima mwendo wake kwenye kona ili ajue anapoteza wapi muda. Kifaa hicho kikaja kuwa kamera ya barabarani inayobeba jina lake, Gatso. Uingereza ilifunga kamera yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1992, kwenye daraja la Twickenham magharibi mwa London, miaka mitatu tu kabla ya sheria ya madereva wapya kupitishwa. Viwili hivi vimekuwa vikifanya kazi pamoja tangu hapo.

Pamoja na lawama zangu, siwezi kusema mstari wa pointi sita uondolewe. Uingereza iliufikia kwa kuzika watu. Mwaka 1934 barabara zake ziliua watu 7,343, wakati magari yalikuwa machache sana ukilinganisha na leo. Mwaka uliofuata ukaja mtihani wa lazima wa udereva na mwisho wa mwendo wa maili 30 mijini. Na kila anayesema maili saba au kumi za ziada si kitu, namwomba akae na hesabu ya kitabu cha kanuni za barabara cha nchi hiyo, Highway Code. Gari linalokwenda maili 30 linahitaji meta 23 kusimama: meta tisa dereva anatambua hatari na mguu unahama, meta 14 breki zinafanya kazi. Kwa maili 40 inakuwa meta 36: 12 za kutambua, 24 za breki.

Sasa mweke mtoto anayevuka barabara meta 23 mbele. Gari la maili 30 linasimama miguuni pake. La maili 40, likifika pale pale, limetumia meta 12 kutambua na 11 tu za breki. Ukipiga hesabu ya nguvu iliyobaki, bado lina mwendo wa karibu maili 29. Isome tena hesabu hiyo: mahali ambapo mwenzake amesimama kabisa, huyu anamgonga mtoto kwa mwendo ambao mwenzake alikuwa nao kabla hajagusa breki. Zile maili kumi hazikuongeza ukali wa ajali kwa kiasi kidogo. Zimeitengeneza ajali ambayo vinginevyo isingekuwapo.

Kwa dereva mpya meta za kutambua ndizo zenye shida zaidi. Vipimo vya kitabu vinamchukulia dereva makini. Anayeanza bado macho yake yako karibu na boneti, bado anafikiria gia, bado hajajua kwamba mpira ukitokea kati ya magari mawili yaliyoegeshwa, nyuma yake kuna mtoto. Yule mzoefu wetu kutoka Dar analijua la mpira vizuri sana. Asilolijua ni kwamba pale kwenye kivuko cha mistari myeupe na taa mbili za njano za duara, mtembea kwa miguu anaingia barabarani bila kutazama, kwa kuwa amekua akijua kwamba gari litasimama. Kila mmoja ana upofu wake, na miaka miwili ya kutazamwa kwa karibu si mirefu mno kwa yeyote kati yao.

Wengine wamechagua njia tofauti. Ujerumani ina kipindi chake cha majaribio cha miaka miwili tangu 1986. Dereva mpya akizidisha kilomita 21 kwa saa au zaidi, leseni haifutwi mara ya kwanza. Anapelekwa kwenye semina ya lazima na kipindi chake kinarefushwa hadi miaka minne. Akirudia anaonywa kwa maandishi. Ni mara ya tatu ndipo anaipoteza. Jimbo la New South Wales huko Australia ni kali kupita wote: mwenye kibao chekundu cha P, yaani aliyetoka kufaulu, ana pointi nne tu, na kosa lolote la mwendo linabeba nne. Kilomita chache juu ya kibao, miezi isiyopungua mitatu bila leseni. Mimi moyo wangu uko Ujerumani, kwa sababu pale kosa la kwanza linazaa somo kwanza, na dereva analijua somo hilo kabla hajafika kwenye adhabu.

Turudi kwenye bahasha, maana kuna kosa moja linaloua leseni nyingi kuliko inavyostahili: kutojibu. Barua ya kwanza ya polisi huja na fomu ya kumtaja dereva, na sheria inatoa siku 28. Wapo wanaoiweka juu ya friji wakisubiri mtu wa kuwasomea Kiingereza chake kigumu. Wapo waliohama nyumba bila kubadilisha anwani kwenye hati ya gari. Kutomtaja dereva ni kosa linalojitegemea, na adhabu yake ni pointi sita. Mtu aliyekuwa na kosa la darasa, ambalo lisingempa pointi hata moja, anapoteza leseni nzima kwa sababu ya karatasi. Kwa kila familia yetu iliyoko huko, hili ndilo ningelibandika mlangoni.

Wapo pia wanaojibu vibaya zaidi, kwa kumwomba mume, shemeji au mpangaji mwenza mwenye leseni safi akubali kwamba ndiye aliyeendesha. Kwetu kubebeana mzigo ni utu. Kwa sheria ya Uingereza huko ni kupotosha haki, na watu hufungwa. Mwaka 2013 Chris Huhne, aliyekuwa waziri wa nishati, na Vicky Pryce, mchumi aliyekuwa mkewe, walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja kwa sababu ya pointi tatu za mwendo kasi ambazo mke alizichukua kwa niaba ya mume miaka kumi nyuma. Ikiwa waziri hakupona, asidanganyike mtu wa kubeba maboksi. Na kwa mwenye viza, kifungo hakiishii gerezani.

Kuna ujanja mwingine ambao mawakili huulizwa kila siku: kwa kuwa kufungiwa kwa wiki mbili hakufuti leseni, je, dereva mpya hawezi kumwomba hakimu amfungie siku 14 badala ya kumpa pointi? Kuomba anaweza. Lakini miongozo ya mahakama za England na Wales inawaambia mahakimu kwamba kwa kawaida haifai, maana ni kuzunguka kusudi la Bunge. Kinachoweza kumsaidia ni kukata rufaa dhidi ya hukumu au pointi zenyewe, kama kweli ana hoja. Rufaa ikiwa hai, leseni hurudishwa mpaka iamuliwe. Kusubiri siku zipite hakumsaidii. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kosa. Aliyepigwa picha wiki moja kabla ya kutimiza miaka miwili ataipoteza leseni hata kama kesi itaamuliwa miezi minne baadaye.

Barua ya Swansea ikishafika, jambo la kwanza kulielewa ni kwamba huyu hakufungiwa. Amerudishwa kuwa lena. Anaweza kuomba leseni ya lena mara moja, abandike L mbele na nyuma, na kuendesha akiwa na mtu mwenye umri wa angalau miaka 21 aliyeshika leseni kamili kwa miaka mitatu. Asithubutu kwenda peke yake, hata dukani, kwa sababu bima inaweza kuhesabiwa haipo na gari likachukuliwa. Kisha nadharia tena, barabarani tena. Ada za mitihani si kubwa. Kinachoumiza ni foleni, ambayo tangu janga la Uviko-19 imekuwa ya miezi katika vituo vingi, na karibu nusu ya wanaofanya mtihani wa barabarani hufeli. Kwa dada wa wazee, miezi hiyo ni kazi. Mwajiri anayetaka mtu mwenye gari hatamsubiri, na kampuni ya bima itakapomrudisha itamtoza kwa kumbukumbu ya yaliyopita.

Siku atakapofaulu, leseni kamili inarudi na hawekewi tena miaka miwili ya majaribio. Lakini zile pointi sita hazikufutwa na mtihani. Zitakaa kwenye kumbukumbu miaka minne na kuhesabiwa kwa miaka mitatu tangu tarehe za makosa, kwa hiyo anarudi barabarani akiwa nusu ya njia kuelekea 12. Makosa mengine mawili kama yale, ndani ya muda huo, yatampeleka mbele ya hakimu, na huko adhabu ya kawaida ya kufungiwa kuendesha huanzia miezi sita.